Anayeupa Mchezo Mgongo



Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya mpira. Si mpira wenyewe, bali wale waushangiliao. Msizime redio zenu. Wako wahubiri wasemao kwamba mpira ni dhambi, nasi hatumo kati yao. Nyumbani mwetu jezi ya kijani ya Gor Mahia na ile ya buluu ya AFC Leopards hukauka juu ya kamba moja, na Jumapili timu hizo zinapokutana, vijana wetu hutuuliza mlangoni mwa kanisa kama mahubiri yatakuwa marefu.

Huko Ulaya, na sasa Afrika ya Kaskazini pia, wako mashabiki waitwao ultra. Desturi yao ilianza Italia mwishoni mwa miaka ya 1960. Husimama pamoja nyuma ya goli, wana ngoma, bendera na fataki, nao huimba dakika zote 90, timu ikishinda au ikishindwa. Yuko mmoja awaongozaye nyimbo, na huyo huupa uwanja mgongo. Hebu lifikirini jambo hilo. Mtu aipenda timu yake kuliko chakula, ametoa nauli na kiingilio, lakini mchezo hauoni. Aona nyuso za wenzake tu. Twakiri kwamba mtu wa moyo kama huo tungemfurahia sana katika kwaya.

Lakini umati wajua pia kuua. Tarehe 1 Februari 2012, katika mji wa Port Said nchini Misri, timu ya Al-Masry iliifunga Al-Ahly ya Cairo mabao 3 kwa 1. Angalieni vizuri: wenyeji ndio walioshinda. Hata hivyo kipenga cha mwisho kilipolia waliingia uwanjani na fimbo na visu, wakawashambulia mashabiki wa wageni. Wageni wakakimbilia njia ya kutokea, wakakuta lango limefungwa. Watu zaidi ya 70 walikufa, wengine kwa kupigwa, wengine kwa kubanwa na kukosa pumzi. Wengi walikuwa vijana. Wako waliokata roho katika chumba cha wachezaji, mbele ya wale waliokuja kuwashangilia.

Tusiseme hayo ni ya Misri. Tarehe 23 Oktoba 2010, katika uwanja wa Nyayo, Nairobi, watu saba walikufa katika msukumano langoni, Gor na Leopards walipokuwa wakicheza. Hao hawakuuawa na chuki. Watu walikuwa na haraka ya kuingia. Mwezi Machi 2012, timu zizo hizo zilipokutana Nyayo, mchezo ulisimama kwa ghasia za mashabiki. Nasi twauita mchezo huo wa mashemeji, kwa kuwa Waluo na Waluhya wameoana tangu zamani! Ni nani amtupiaye jiwe mjomba wa watoto wake? Hamtupii akimwona uso. Katika umati huiona jezi tu.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 19, mna habari za watu wa Efeso waliojazana mahali pa michezo wakapaza sauti kwa muda upatao saa mbili. Wengi wao, kama tungewauliza, wasingeweza kutuambia wamekuja kwa nini. Siku ile karani wa mji alisimama, akawatuliza, wakaenda zao nyumbani. Hatuambiwi kwamba alikuwa mwamini. Alikuwa mtu mmoja aliyewatazama wenzake usoni wakati wote walipokuwa wakitazama upande mmoja.

Kijana mmoja wa kanisa letu hupiga ngoma uwanjani. Tulimwuliza afanyaje mawe yanapoanza kuruka. Akasema, “Pasta, ngoma ikinyamaza, wimbo hufa, na watu huanza kutazamana.”

Tukamwuliza kama ameinyamazisha mara nyingi.

“Mara moja tu,” akajibu. “Mara nyingine niliwaogopa wenzangu.”

Hatukumkemea. Nasi tumepata kusimama mbele ya watu wetu, tukasikia maneno mabaya yakisemwa juu ya jirani, tukaendelea na wimbo uliofuata.