Kisomo cha Watu Wazima kama Darasa la Lugha: Funzo kutoka Kanda ya Ziwa

Historia ya kuenea kwa Kiswahili nchini Tanzania husimuliwa kwa kawaida kupitia kazi za waandishi, watunzi wa kamusi na viongozi wa siasa. Ni nadra kutajwa darasa la alasiri katika shule ya msingi ya kijijini, ambamo watu wazima waliketi kwenye madawati ya watoto wao. Mhadhara huu unadai kwamba darasa hilo, lililojulikana kwa jina la kisomo, lilikuwa pia darasa la lugha, na kwamba kulipima kwa idadi ya waliofuta ujinga peke yake ni kulipunja.

Mwalimu Julius Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na shule za msingi zikafanywa vituo vya elimu hiyo. Kabla ya hapo, mwaka 1968, mradi wa majaribio uliosaidiwa na UNESCO ulikuwa umeanza katika mikoa ya Mwanza, Shinyanga, Mara na Ziwa Magharibi, ambao sasa ni Kagera. Vitabu vyake vya kujifunzia vilihusu kazi za wanakisomo: kilimo cha pamba, migomba, uvuvi na ufugaji. Kwa takwimu za serikali, wasiojua kusoma na kuandika walipungua kutoka asilimia 67 mwaka 1967 hadi chini ya asilimia 10 mwaka 1986.

Takwimu hizo ni za kujivunia, lakini ndani yake limejificha swali la lugha. Vitabu viliandikwa kwa Kiswahili. Kwa mkazi wa Mafia, kisomo kilimaanisha kuitambua kwenye karatasi lugha aliyokwisha kuizungumza. Kwa mama wa Kisukuma ambaye shughuli zake zote ziliendeshwa kwa Kisukuma, kazi zilikuwa mbili kwa mpigo: kujifunza herufi na kujifunza lugha.

Kazi hiyo ya pili ilikuwa na wepesi na ugumu wake. Aliyezoea kusema munhu na banhu hakuhitaji kufundishwa kwamba nomino hubadili kiambishi katika wingi. Mtu na watu vilikuwa vazi jipya la mwili uleule. Hata hivyo, Kisukuma kina irabu saba, nacho Kiswahili kina tano. Sauti za dh, th na gh zilikuwa ngeni, hivyo dhambi ikaelekea kuwa zambi na thamani ikawa samani. Mwalimu aliyeijua lugha ya kijiji aliweza kuanza na maelezo kwa lugha hiyo, kisha akaligawa neno la Kiswahili katika silabi ubaoni. Aliyelihesabu kosa la matamshi kuwa kosa la kusoma alimwonea mwanakisomo.

Faida yake haikuwa ndogo. Mkulima aliyeweza kusoma mizani na stakabadhi ya chama cha ushirika hakupunjwa kwa urahisi. Mama aliyejifunza kujieleza kwa Kiswahili aliingia zahanati bila mkalimani. Tena, kitabu kilichofika nyumbani kilimkuta mtoto aliyesoma asubuhi katika chumba kilekile, na familia ikapata lugha ya pili ya mazungumzo. Wanawake ndio waliokuwa wengi darasani, licha ya mzigo wa kazi za nyumbani.

Uchumi ulipozorota katika miaka ya 1980, vitabu viliadimika na wengi wakarudia ujinga, kama ilivyoitwa. Istilahi hiyo inastahili kuchunguzwa. Je, mtu huyo alizisahau herufi, au alikosa mahali pa kuitumia lugha aliyofundishiwa? Mtihani uliotolewa kwa Kiswahili tu haukuweza kutenganisha hali hizo mbili, na lawama ikamwangukia aliyesahau.

Hili ni jukumu la wanafunzi wa isimu wa leo. Walimu na wanakisomo wa miaka ile wanazidi kupungua, na madaftari yao yanaliwa na mchwa. Madaftari hayo, pamoja na makosa ya tahajia yaliyomo, ni ushahidi wa jinsi Kiswahili kilivyoingia katika vinywa na nyumba za watu. Yafaa yakusanywe sasa, wangali hai wanaoweza kuyasoma kwa sauti.