Tusijifunze Kila Mtu Peke Yake
(Mazungumzo mbele ya Makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Igowole)



Siku hizi mafunzo mengi ya uongozi na hesabu hutufikia kwa simu na mtandao. Mwalimu yuko mbali, nasi tuko hapa Igowole. Ni jambo jema, maana linatupunguzia nauli na siku za kuacha mashamba. Lakini Katibu anayejifunza peke yake akikwama hunyamaza. Mwalimu haoni uso wake, wala jirani hana habari.

Kujifunza mbali na mwalimu si jambo geni kwetu. Kituo cha Elimu ya Ushirika, kilichoanzishwa Moshi mwaka 1964, kiliendesha masomo kwa njia ya posta. Wanachama walikaa katika vikundi, wakasoma, wakajadiliana, ndipo wakapeleka majibu yao Moshi. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia watu wapatao milioni 2 kwa redio na vijitabu. Baada ya kusikiliza, kila kikundi kilijadili hali ya kijiji chake, kisha watu wakashika majembe wakachimba vyoo. Redio ilifundisha, lakini haikuweza kuulizwa swali. Vikundi ndivyo vilivyoulizana na kujibizana.

Ndugu zangu, hesabu za chama ni mali ya wanachama. Ikiwa Katibu peke yake ndiye anayeielewa mizania, siku akiugua chama hubaki kipofu. Na siku akikosea, hakuna wa kumwonyesha kosa.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, Katibu, mtunza hazina na wajumbe wawili wa Bodi wasome kila somo pamoja, simu moja ikiwa katikati yao. Pili, swali lililowashinda liandikwe katika daftari, na liulizwe kwanza chama jirani, kisha mwalimu. Mtandao ukikatika, daftari litabaki. Tatu, chama kilichopata jawabu kiwaeleze wengine, wala asichekwe aliyeuliza.

Wahenga walisema, kidole kimoja hakivunji chawa. Swali tunalolificha leo kwa kuona haya, kesho Mkaguzi atalikuta vitabuni likiwa upungufu wa fedha za mkulima. Na tuulizane mapema.