Kujifunza kutengeneza sauti ni kujifunza kusikiliza

(Hotuba kwa familia zilizohama makwao na viongozi wao)



Wazazi wengine wametuuliza: kwa nini vijana wafundishwe muziki wa kompyuta wakati hata mashamba hatuna? Ni swali la haki, nasi tunalijibu.

Sauti ni mtetemo. Ulimi mrefu wa likembe hutetema polepole, sauti inakuwa nzito. Ulimi mfupi hutetema haraka, sauti inakuwa nyembamba. Mashine hufanya vilevile kwa umeme: mitetemo 440 kwa sekunde hutoa noti ya la. Kisha mwanafunzi huichuja sauti kama tunavyochekecha unga, na huamua ianze ghafla au polepole, idumu au izime upesi.

Elimu hiyo si ya Ulaya peke yake. Mwaka 1944 mjini Cairo, Halim El-Dabh alirekodi sauti za wanawake katika ngoma ya zar kwa mashine ya waya, akazibadilisha katika studio ya redio. Mwaka 1948 mjini Paris, Pierre Schaeffer alitunga muziki kwa sauti za treni. Na hapa kwetu, mjini Kinshasa, Mawangu Mingiedi wa kundi la Konono No. 1 alitengeneza mikrofoni za likembe kwa sumaku za vipuri vya magari ya zamani.

Lakini tazameni jambo hili. Katika studio sauti hukatwa na kuunganishwa. Kiongozi akisema, "Tusiwafukuze jirani zetu," ukiondoa "si" tu, inasikika, "Tuwafukuze jirani zetu." Silabi moja inaweza kuchoma kijiji.

Kijana aliyejifunza kukata sauti hadanganywi upesi. Sauti ikipita katika simu, atauliza: nani alirekodi? Nini kilisemwa kabla na baadaye? Mbona kelele za nyuma zimekatika ghafla? Maswali hayo yanatupa muda wa kutuliza mioyo kabla watu hawajashika panga.

Kwa hiyo tunaomba: wazazi, ruhusuni wasichana nao waje. Viongozi, tuchagulieni saa isiyosumbua wagonjwa wala masomo. Nanyi vijana, msiguse sauti ya mtu bila ruhusa yake.

Amani iwe nasi sote.