Kumbukumbu Hailindwi kwa Chupa ya Vidonge



Kila tunapokutana na watumiaji wa bidhaa, tunaulizwa swali hili: tununue dawa gani ili mzazi wetu asipoteze kumbukumbu? Aghalabu muulizaji amekwisha kuonyeshwa chupa ya vidonge, na pengine amekwisha kuilipia. Anastahili jibu la kweli.

Dimenshia ni hali ya ubongo kudhoofika hata mtu ashindwe kukumbuka, kufikiri na kujihudumia kama zamani. Si uzee wa kawaida, wala si uchawi. Aina yake iliyoenea zaidi ni ugonjwa wa Alzheimer, na mpaka sasa hauna dawa ya kuuponya. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, lilieleza kwamba vitamini B na E, pamoja na mafuta ya omega-3, hazipendekezwi kwa ajili ya kupunguza hatari hiyo.

Hata hivyo, hatuko mikono mitupu. Mwaka 2024, tume ya wataalamu ya jarida la kitabibu The Lancet ilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari na yanayoweza kurekebishwa. Ilikadiria kwamba, yakishughulikiwa yote, karibu asilimia 45 ya dimenshia duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Hiyo ni hesabu ya watu wote kwa jumla, si ahadi kwa mtu mmoja. Wapo waliojitunza vyema na wakaugua; hao hawana kosa.

Tufanye nini basi?

Kwanza, tuutumie mwili. Mtu mzima anashauriwa kupata angalau dakika 150 za shughuli za wastani kwa wiki. Kwenda sokoni kwa miguu na kulima bustani ni sehemu ya hesabu hiyo.

Pili, tupime shinikizo la damu na sukari. Kamwe tusiache kununua dawa ya presha ili tupate fedha za vidonge vya kumbukumbu. Huko ni kubomoa ukuta ili kuziba ufa.

Tatu, tuchunguze masikio na macho. Asiyesikia vizuri hujitenga na mazungumzo, na upweke nao ni hatari.

Nne, tuishi na watu. Bao, kwaya, kikoba, darasa la dini, kuwasimulia wajukuu: yote hayo huushughulisha ubongo.

Tano, tuache sigara, tupunguze pombe, na tuvae kofia ngumu tupandapo bodaboda, kwa kuwa majeraha ya kichwa yamo katika orodha ile.

Kwa yule ambaye tayari anaugua, shughuli haziponyi, lakini humpa utulivu na heshima. Bibi aliyezoea kusuka mikeka apewe ukili. Aliyezoea jikoni achambue mchele au akunje kanga. Asikosolewe kazi ikiharibika, kwa kuwa faida imo katika kuifanya. Nyimbo za ujana wake zipigwe. Kula, kuoga na kulala kuwe kwa saa zilezile. Akimuulizia marehemu kana kwamba yu hai, tusibishane naye. Tumwombe atusimulie habari zake.

Lakini akibadilika ghafla, ndani ya saa au siku chache, apelekwe hospitali mara moja. Malaria, maambukizi ya mkojo au upungufu wa maji mwilini huweza kumchanganya mzee, nayo yanatibika.

Kabla ya kununua bidhaa yoyote ya kumbukumbu, tuulize: Je, imesajiliwa na mamlaka ya dawa? Je, daktari au mfamasia anayejua dawa nyingine anazotumia mgonjwa ameiona? Je, muuzaji anaahidi kuponya? Akiahidi hivyo, tuondoke. Tukinunua, tudai risiti na tuitunze, kwani bila risiti malalamiko ni vigumu kuthibitishwa.

Fedha hiyo inaweza kulipia kipimo cha presha, miwani, au nauli ya kumpeleka mzee kwa rafiki yake wa siku nyingi. Huko ndiko tunakowashauri muielekeze.