Mwambie Mganga Ulichuma Tumbaku

Ndugu wakulima, leo sizungumzii mbolea wala bei ya tumbaku, ingawa najua bei ndiyo mnayotaka kuisikia. Nataka tuzungumze juu ya daftari la zahanati.

Tuseme mkulima wa Urambo au Kaliua. Saa 12 na nusu asubuhi yuko shambani, umande bado uko kwenye majani. Anachuma na kukumbatia mzigo kifuani mpaka shati linalowa chapachapa. Jioni kichwa kinamgonga, anapata kizunguzungu, usiku anatapika. Kesho yake yuko zahanati. Mganga anauliza, "Unaumwa nini?" Anajibu, "Malaria." Amekwisha jipa ugonjwa mwenyewe! Anapimwa, malaria haionekani. Basi daftarini inaandikwa "kutapika", na mambo yanaishia hapo.

Kumbe huenda ni tumbaku yenyewe. Jani bichi lina nikotini, na nikotini huyeyuka katika maji. Jani likiwa na umande au mvua, sumu hiyo hupita kwenye ngozi, hata kwa mtu asiyevuta sigara. Dalili huanza kati ya saa 3 na 17 baada ya kazi, na huweza kuchukua siku 1 hadi 3. Madaktari wa Florida, Marekani, waliueleza ugonjwa huu mwaka 1970. Katika orodha ya kimataifa ya magonjwa, toleo la 10, sumu ya tumbaku ina namba yake, T65.2. Namba ipo, lakini mganga hawezi kuitumia kama hukumwambia ulitoka kuchuma.

Sisemi usipimwe malaria. Pimwa, maana mtu aweza kuwa na yote mawili. Ila mwambie ulichuma saa ngapi, majani yalikuwa mabichi na yamelowa, na ulianza kuumwa saa ngapi. Ikiwa ulipiga dawa ya wadudu, sema pia, na uende na karatasi ya chupa. Matibabu ya sumu hiyo ni mengine.

Lile daftari lako la mkopo wa mbolea lina kurasa tupu nyuma. Andika humo tarehe, kazi, saa na dalili, za kila mtu wa nyumbani. Siku mkidai glavu kwenye chama cha msingi, mtaulizwa: wameugua wangapi? Hesabu za zahanati zikipanda wilayani zikisema "kutapika" tu, nani atafikiria glavu?

Na sisi mabwana shamba tuna kosa. Tuliwafundisha kuchagua jani kwa rangi, juu ya ngozi tukanyamaza.

Kwa hiyo ngojeni umande ukauke. Vaeni mikono mirefu na glavu, kifuani fungeni nailoni. Shati likilowa, badilisha. Ukitoka shambani, oga kwa sabuni. Watoto wasichume kabisa.

Wiki ijayo tutaingia kwenye bani, tuangalie kuni. Kwaherini.