Mizani ya Mzazi: Chanjo za Watoto katika Majengo na Miji ya Mlima Kenya

Mtoto anayezaliwa Kenya hupangiwa chanjo mbili mara tu anapozaliwa: sindano ya BCG ya kukinga kifua kikuu, inayodungwa mkono wa kushoto chini ya kiwiko, na matone ya polio. Wiki ya sita, ya kumi na ya kumi na nne hurudishwa kliniki kwa sindano inayounganisha kinga za magonjwa matano, yakiwemo dondakoo, kifaduro na pepopunda, pamoja na ile ya nimonia na matone mengine. Sindano ya ukambi huja akiwa na miezi tisa na kurudiwa miezi kumi na minane. Mpango wa taifa wa chanjo ulianzishwa mwaka 1980, na orodha yake imezidi kurefuka: nimonia mwaka 2011, virusi vya rota mwaka 2014, rubela mwaka 2016, na mwaka 2019 chanjo ya HPV, ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, kwa wasichana wa miaka kumi. Kila nyongeza imempa mzazi jambo jingine la kupima.

Upimaji huo unaonekana vizuri katika mitaa iitwayo Majengo. Nyeri ina Majengo, Nanyuki ina yake, na Meru na Embu vilevile. Ni mitaa iliyokua kando ya miji ya kikoloni, ambako wenyeji wa mlimani waliishi bega kwa bega na waliotoka mbali, na ambako msikiti na Kiswahili vilitia mizizi mapema. Mama wa Majengo husikia nasaha za shehe, za padri wa jirani yake, za nyanya na za nesi, zote kwa wiki moja.

Maelezo yaliyozoeleka kuhusu mzazi anayesita ni kwamba hajui. Yanarudiwa kwenye semina, kwenye ripoti za miradi, na katika hotuba za viongozi kila kampeni inapozinduliwa: mzazi hana elimu, apewe elimu, atakubali. Maelezo haya ni mepesi kushika na yamedumu kwa sababu hayamlaumu yeyote aliye ofisini. Ila hayasimami yakipimwa kwa historia ya eneo lenyewe.

Kama kusita kungekuwa zao la ujinga, kungestawi zaidi pale ambapo shule ni chache. Mgogoro mkubwa kuliko yote ambao chanjo imewahi kuupata Kenya haukuanza huko. Ulianza mwaka 2014 mikononi mwa maaskofu na madaktari. Serikali, ikisaidiwa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF, ilikuwa ikiwadunga wanawake wa miaka 14 hadi 49 chanjo ya pepopunda kwa awamu zilizoanza mwaka 2013. Baraza la Maaskofu Katoliki lilitangaza kwamba chupa lilizopeleka maabara zilikutwa na hCG, homoni ya mimba, na kwamba lengo la kampeni lilikuwa kuwafunga wanawake uzazi kwa siri. Tume ya afya ya baraza hilo iliongozwa na Askofu Paul Kariuki Njiru, aliyekuwa wakati huo askofu wa Embu, mji ulio miguuni mwa Mlima Kenya. Madaktari Wakatoliki waliosomea udaktari kwa miaka mingi walisimama naye.

Tuhuma hiyo haikuwa ya kweli, na ni lazima isemwe hivyo bila kuzungukazunguka. Wizara ya Afya na mashirika yale mawili waliikanusha, na wataalamu walieleza kwamba vipimo vilivyotumika awali ni vya damu na mkojo wa binadamu, havikutengenezwa kupima dawa ya chanjo. Lakini mtafiti anayeishia hapo ameacha nusu ya kazi. Uvumi ule ulikuwa na mbegu. Tangu miaka ya 1970, wanasayansi wakiongozwa na G. P. Talwar huko New Delhi walifanya utafiti wa wazi wa chanjo ya kupanga uzazi, ambamo sehemu ya hCG iliunganishwa na sumu ya pepopunda iliyoondolewa makali ili mwili uitambue. Kazi hiyo ilichapishwa katika majarida ya kisayansi. Ilikuwa dawa nyingine kabisa, na haikuwa ile iliyoko kwenye majokofu ya zahanati za Kenya. Katika miaka ya 1990 uvumi wa namna hii ulienea Mexico na Ufilipino. Aliyewaambia maaskofu kwamba jambo hilo limezuliwa tu hakuwa akiwajibu, kwa kuwa wao walikuwa na karatasi mkononi.

Maswali yao mengine yalikuwa na majibu mafupi. Kwa nini wanawake peke yao? Kwa sababu kampeni ililenga pepopunda ya watoto wachanga, inayoingia kupitia kitovu kilichokatwa kwa kifaa kichafu, na kinga ya mama hupita kwenye kondo na kumfikia mtoto kabla hajazaliwa. Kwa nini dozi tano? Kwa sababu kila dozi hurefusha kinga, na ya tano humlinda mwanamke kwa miaka yote ya kuzaa. Majibu haya yangeenea katika nusu ukurasa. Maaskofu walilalamika kwamba kampeni ilianza bila umma kuelezwa vya kutosha, na katika hilo walikuwa na haki. Nusu ukurasa ule, ukisomwa kanisani na msikitini kabla ya sindano ya kwanza, ungeokoa miaka ya mabishano. Badala yake, mwezi Agosti 2015 maaskofu waliwataka waumini wasusie kampeni ya matone ya polio hadi dawa hiyo nayo ipimwe. Hata hivyo hospitali za misheni, ikiwemo ya Consolata pale Mathari, Nyeri, ziliendelea kuwachanja watoto katika kliniki za kila siku, kwa maana Kanisa halikukataa chanjo za kawaida. Mzazi alisikia jambo moja mimbarini na kuona jingine katika hospitali iliyo chini ya Kanisa hilohilo.

Hofu ya kufungwa uzazi ilipata udongo wenye rutuba. Kenya ilianzisha mpango wa taifa wa uzazi mwaka 1967, mapema kuliko majirani zake. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alizaa kwa wastani watoto wanane; utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta wastani wa 3.4, na eneo la Kati limetangulia katika kushuka huko. Nyanya mwenye watoto tisa humwona mjukuu wake akikomea kwa wawili. Ada za shule, vipande vidogo vya ardhi na uamuzi wa wanawake wenyewe vinatosha kueleza badiliko hilo, ila halionekani kwa macho linavyotokea. Sindano inaonekana. Akili inayotafuta chanzo cha jambo kubwa hushika kile kinachoshikika, na hilo si ujinga.

Kuna hoja nyingine dhidi ya maelezo ya ujinga, ambayo vitabu huipita haraka kwa sababu haina mvuto. Dozi nyingi zinazokosekana hazikukataliwa na mtu. Kichupa cha BCG kinachotumika Kenya hutosha watoto ishirini. Unga wake ukishachanganywa na maji yake, hudumu muda wa saa sita tu, kinachobaki humwagwa. Nesi mwenye mtoto mmoja mbele yake na bajeti finyu nyuma yake husita kukifungua. Kwa hiyo zahanati nyingi ndogo huteua siku ya BCG, na siku ya ukambi kwa sababu hiyohiyo.

Mwandishi wa mhadhara huu aliwahi kukaa asubuhi nzima kwenye benchi la zahanati moja ya eneo hili, akiwa amemsindikiza mkwewe na mjukuu wa siku kumi. Mbele yao alikuwapo mama kijana, muuza mboga, aliyefunga kibanda chake ili aje. Nesi alichungulia foleni, akahesabu watoto kwa kidole, akasema, "Leo hamjatosha, mama. Rudi Alhamisi." Yule mama aliitikia, "Sawa, sista," akamfunika mtoto kwa shali na kutoka. Mlangoni alimwambia nyanya aliyemsindikiza, "Hata wao hawana haraka." Maneno hayo manne yana uzito kuliko hojaji nyingi. Kwake, taasisi inayoweza kungoja hadi Alhamisi ilikuwa imemwambia kwamba chanjo si jambo la dharura. Asiporudi, takwimu zitamwandika miongoni mwa waliosita.

Nyakati nyingine kikwazo kilikuwa cha nchi nzima. Mgomo wa wauguzi wa mwaka 2017 uliendelea kwa takriban miezi mitano. Mwaka 2024, na tena 2025, chanjo za BCG na polio ziliadimika nchini, na kina mama wakarudishwa nyumbani na watoto wachanga migongoni. Yeyote anayepima nia ya wazazi bila kwanza kupima jokofu anapima kitu kisicho sahihi.

Dhidi ya mabango na hotuba, kuna chombo kimoja ambacho wasomi hawajakipa heshima yake: kitabu cha kliniki, au kwa jina lake rasmi Kijitabu cha Afya ya Mama na Mtoto. Kinaanza na mimba: uzito wa mama, damu yake, tarehe ya kujifungua inayotarajiwa. Kisha kinafuata mtoto. Kuna mchoro wa mistari iliyopinda, ambapo kila uzito unatiwa nukta, na nukta zikiunganishwa mama humwona mwanawe akipanda au akilala. Kuna jedwali la chanjo, lenye nafasi ya tarehe aliyodungwa na tarehe ya kurudi. Kuna hata mahali pa kuandika kama kovu la BCG limeonekana mkononi. Katika nakala zilizopita mikononi mwa mwandishi, tarehe ya kurudi huandikwa mara nyingi kwa penseli, na ya kudungwa kwa kalamu ya wino. Kurasa za jedwali ndizo zilizochakaa kuliko zote, pembe zake zimekuwa laini kama kitambaa. Kitabu hukaa ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na cheti cha kuzaliwa na stakabadhi za kodi ya nyumba. Majengo, nyumba ikishika moto, mfuko huo hutangulia kutolewa.

Thamani ya kitabu hiki ni kwamba hukaa kwa mzazi. Rekodi ya serikali iko mikononi mwa mama, naye anaweza kuifungua mbele ya nesi na kuuliza, "Hii ya leo ni ya nini?" Nesi anayechukua dakika tatu kuonyesha mstari kwa kidole, kutaja ugonjwa kwa jina la Kiswahili au la Kikuyu, na kueleza kwamba mahali pa BCG patavimba baada ya wiki chache, patoe usaha kidogo, kisha pafanye kovu, ameshamaliza kazi ambayo bango haliwezi. Mama asiyeelezwa ataona usaha na kudhani mtoto ameharibiwa. Aliyeelezwa atauona na kujua kwamba kinga inafanya kazi. Ushahidi mwingine wote ukishazingatiwa, msimamo wa mhadhara huu unabaki palepale: dakika hizo tatu mezani zinashinda amri ya chifu na gari la kipaza sauti.

Wapo wanaokataa kwa imani kamili. Wafuasi wa Kavonokia, hasa Tharaka na sehemu za Meru, hawatumii dawa za hospitali za aina yoyote, na baadhi yao wamefikishwa mahakamani kwa ajili ya watoto wao. Sheria ya Watoto ya mwaka 2001 ilihesabu chanjo miongoni mwa wajibu wa mzazi. Kundi hili ni dogo, na kosa ni kulifanya mfano wa kila mzazi anayeuliza swali.

Mizani yenyewe, vitu vikishawekwa pande zote mbili, haikai sawasawa. Homa na uvimbe baada ya sindano ni vya kawaida, na hupita. Mzio mkali hutokea karibu mara moja katika dozi milioni. Matone ya polio, kwa nadra sana, huweza kumpooza mtoto, na pale ambapo wengi hawakuchanjwa virusi vyake vinaweza kubadilika na kuenea. Vya aina hiyo viligunduliwa katika maji taka ya Eastleigh, Nairobi, mwaka 2018. Haya yasifichwe. Upande wa pili kuna ukambi, ambao mgonjwa mmoja huwaambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga, na unaohitaji karibu watoto 95 kati ya 100 wachanjwe ili usipate njia.

Upande huo wa pili umekuwa mgumu kuuona kwa sababu chanjo imeuondoa machoni. Wakikuyu waliita rika moja la miaka ya 1890 Mutung'u, yaani ndui, kwa kuwa ndui ndiyo iliyoandika mwaka wa rika hilo. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa ndui katika maisha ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merca, Somalia, mwezi Oktoba 1977. Alifanya kazi hospitalini lakini alikwepa kuchanjwa kwa kuogopa maumivu ya sindano. Alipanda gari lililobeba wagonjwa wawili ili kumwonyesha dereva njia, na hiyo ikatosha. Alipona. Baadaye alijitolea katika kampeni za polio nchini mwake, akiwasimulia wazazi waliosita kisa chake mwenyewe, na alifariki kwa malaria mwaka 2013 akiwa katika kazi hiyo. Hakuwaambia kwamba hawajui kitu. Aliwaambia kwamba yeye pia aliogopa.

Chanjo ya HPV ndiyo inayopimwa kwa shida zaidi leo. Inakinga aina za virusi zinazosababisha karibu asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi, na hutolewa mapema kwa sababu haina nguvu juu ya maambukizi yaliyokwisha kuingia. Faida yake huonekana baada ya miaka ishirini au thelathini, na inagusa kiungo kilekile kilichotikisa nchi mwaka 2014, kwa hiyo maswali yaleyale ya uzazi yamerudi. Tena binti anapofika miaka kumi kitabu chake cha kliniki kimekwisha kurasa. Mstari wa mwisho wa jedwali ulijazwa akiwa na mwaka mmoja na nusu, na mama hajaketi mbele ya nesi kwa ajili yake tangu hapo. Habari ya sindano humfikia kupitia shule, kwa mdomo wa mtoto, jioni, akiwa jikoni.