KIJANA AMETOKA CHUONI: TUMSAIDIEJE?

(Hotuba ya Katibu wa Tawi katika mkutano wa wanachama)

Ndugu wafanya kazi,

Wengi wetu tumesomesha watoto kwa taabu. Mmoja ameuza ng'ombe, mwingine amekopa katika chama cha akiba, na sasa kijana yuko nyumbani na cheti chake. Kila tangazo la kazi lataka mtu mwenye ujuzi wa miaka mitatu. Ataupata wapi, ikiwa hakuna amwanzishaye?

Kwanza, tumpe habari. Nafasi ya karani wa stoo au msaidizi wa fundi mara nyingi hujulikana karakanani kabla haijatangazwa. Ukijua kwamba mzee fulani anastaafu, mwambie kijana apeleke barua upesi. Barua iwe ya ukurasa mmoja, nayo ieleze kazi aliyoifanya kwa mikono yake alipokuwa mafunzoni, si majina ya vyeti tu. Fundi aliyemfundisha awe shahidi wake.

Pili, asinunue kazi. Anayekuuzia kazi ni mwizi, na mara nyingi hiyo kazi yenyewe haipo. Tena, Sheria ya Kazi ilirekebishwa mwaka 2022: tajiri hana ruhusa kumdai mwombaji vyeti vya polisi, vya kodi na vya mkopo wa masomo ikiwa hana nia ya kumpa mkataba. Basi kijana asimalize nauli yake kwa vyeti kabla ya kuitwa.

Tatu, akiandikwa, ajue haki yake. Kwa Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, mkataba wa miezi mitatu au zaidi lazima uandikwe. Muda wa kujaribiwa usipite miezi 6, na hauongezwi bila yeye kukubali. Hata ukiongezwa, usizidi miezi 6 mingine. Kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazotimia mwezi mmoja huhesabiwa kuwa mtu wa mshahara wa mwezi.

Nasikia wengine wakinong'ona: "Vijana hawa watatunyang'anya kazi." Ndugu zangu, tufikiri vizuri. Kijana asiyejua kiwango cha mshahara atakubali chochote, na tajiri atamfanya fimbo ya kutupigia sisi. Lakini kijana tuliyempokea na kumwonyesha kadi ya chama atasimama nasi siku ya mapatano. Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kila mwanachama amchukue kijana mmoja, amsomee barua yake na kuisahihisha. Nao wawakilishi wetu, tutakapokutana tena na matajiri, wadai nafasi za mafunzo zenye posho, na mwanafunzi asiwekwe mahali pa mfanya kazi mwezi baada ya mwezi bila mshahara.

Sasa nangoja maswali yenu.